Chaki Niliyotambikia Shimo la Nsemulwa

Wenzangu wa chuo, leo nimejivua nguo mbele ya Mzungu. (Nguo nilikuwa nimevaa, ila bora ningekuwa uchi.)

Mnajua leo ndiyo nilikuwa nakaguliwa. Mkaguzi wa shule, ndiye huyo Mzungu, alifika jana kwa treni. Nikifaulu, nathibitishwa kufundisha Kiingereza. Nikifeli, narudi mgodini kubeba mawe.

Somo nililoandaa ni lile lililonipa sifa pale chuoni: maneno sita ya Kiingereza, ndugu wa damu, yote yamezaliwa na neno moja la Kilatini lenye maana ya kupumua. "Spirit" ni roho, pumzi yenyewe. "Respire," kupumua. "Inspire," kumpulizia mtu moyo. "Conspire," watu kupumua pamoja, yaani kula njama. Na mengine mawili.

Asubuhi nimetoka kwangu Nsemulwa na ukungu, huku nikiyakariri kwa sauti. Njia inapita kando ya shimo walilochimba watu wa mgodi wakaliacha. Wenyeji hawalipiti hivi hivi. Unamwaga unga kidogo, unachuchumaa, unapiga makofi, halafu unaondoka kinyumenyume hatua kumi bila kugeuka. Wanasema ardhi pale ilifunguliwa bila kuombwa ruhusa. Mimi, mtu wa Kilatini, huwa najipitia tu.

Leo nimefika pale, ndege wote kimya. Hata majani hayatikisiki.

"Spirit, respire, inspire, conspire..." Nikakwama. La tano limenitoka kabisa.

"Expire," sauti ikasema kutoka shimoni.

Polepole, kama mtu anayeshusha pumzi. Nikajiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi hurudisha ulichosema, na mimi neno hilo sikuwa nimelisema! Maana yake naijua: pumzi ya mwisho inatoka, hairudi. Nywele zikanisimama.

Unga sina. Mfukoni nina chaki mbili, mgawo wa shule wa wiki nzima. Nikazisaga kwa kiatu, nikamwaga, nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikaanza kurudi kinyumenyume huku nikiyarudia matano yale kwa sauti. Hatua ya sita, sauti nyingine, safari hii nyuma ya kisogo changu:

"Perspire."

(Ndiyo, kutoka jasho. Nilikuwa nimeshaanza.) Sikugeuka, maana hairuhusiwi. Nikazidi kurudi mpaka mgongo ukagonga kifua cha mtu. Pumzi ya moto ikanipata shingoni. Nikafumba macho, nikapiga magoti.

"Babu, nisamehe! Seminari sikuacha, nilifukuzwa kwa kunywa divai! Kilatini najua neno hilo moja tu! Kiingereza nimekariri kurasa nne!"

"Mwalimu," ikajibu, "mimi si babu yako."

Nikageuka, nikafumbua macho. Viatu vya kahawia. Soksi ndefu. Darubini ya kuangalizia ndege. Mkaguzi!

Tukaongozana mpaka shuleni. Mwalimu Mkuu, Mfipa asiyependa mchezo, akanibana mbele ya watoto: "We mwalimu, chaki ziko wapi?"

Mkaguzi akajibu badala yangu, kwa Kiswahili safi kabisa: "Ametambikia."

Darasa likaangua kicheko. Watoto arobaini, jamani! Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikaogopa kutamani jambo kama hilo.

Basi nikafundisha bila ubao. Nikawaambia waweke mkono tumboni, wavute pumzi, waitoe, na kila pumzi neno lake. Wakayashika yote sita. Hata Mkaguzi alikuwa ameweka mkono tumboni. Mwisho akanipa mkono, akasema nimethibitishwa, na kwamba kurasa nne zinatosha kuanzia.

Furaha ilinijaa mpaka machozi. Nikamshukuru, hasa kwa yale maneno mawili aliyonikumbusha njiani.

"Mawili?" akauliza. "Mimi nilisema moja. Nilipotokea kichakani wewe ulikuwa tayari unarudi nyuma."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu Mkuu alikwenda kufunga dirisha la upande wa njia ile, na joto lote hili.

Kazi nimepata, ndugu zangu. Chekeni mnavyotaka, ila kesho asubuhi mmoja wenu aje anisindikize.