Nafasi Nne za Mgeni Kutoka Kola

Idara ya Hesabu Kubwa na Utabiri, Machakos, inawatangazia wananchi wote kwa furaha kwamba foleni sasa imepatikana. Tangazo lilibandikwa langoni likiwa na mihuri miwili, na Nzioka, fundi wa idara, hakuona uongo ndani yake. Foleni kweli ilikuwapo. Kilichokosekana ni kusonga.

Idara ilikuwa na kompyuta kumi na sita zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, pamoja na programu ya kuzigawia kazi. Kila kompyuta ilihesabiwa nafasi moja, na kila kazi ilingoja nafasi zake zipatikane. Jumatatu Nzioka aliingiza kazi ya kutabiri mvua ya Kola. Wakulima wa kule walikuwa na mbegu ya kupanda mara moja tu. Wakipanda mapema, jua linaichoma. Wakichelewa, msimu unawapita. Kazi hiyo ilitaka nafasi kumi na mbili kwa mpigo. Jumanne jioni skrini bado ilisema: inasubiri. Na kompyuta zote kumi na sita zilikuwa zimekaa bure, zinapiga miayo.

Nzioka aliacha shule darasa la saba na kujifunza kompyuta kwa kuzifungua. Alikagua nyaya, akazima, akawasha, kisha akasoma mipangilio mstari kwa mstari mpaka akafika palipoandikwa: nafasi nane zimehifadhiwa. Akaenda chumba cha mitambo. Kompyuta nane za mbele zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe, zimezungushiwa utepe, na mbele ya kila moja kumewekwa chupa ya maji.

"Hizo ni za wageni waheshimiwa," alisema Dakta Jeremiah Ndolo, mkurugenzi. "Wewe umeona sherehe gani Machakos isiyo na viti vya mbele?"

"Wageni gani, daktari?"

"Wakija tutawajua."

"Na wasipokuja?"

"Basi hawatakuta viti vyao vimekaliwa."

Nzioka alieleza kwamba nane zilizobaki hazitoshi. Kazi ya mvua hugawanywa kumi na mbili, na zote lazima zianze pamoja kwa sababu zinapeana hesabu njiani.

"Kwaya ya kanisa letu huanza na watu wanne," alisema mkurugenzi. "Wengine hujiunga kwenye kiitikio."

"Hii si kwaya, daktari."

"Ndiyo maana nimeiundia kamati."

Kamati ilikaa Jumatano, ikanywa chai, ikapitisha kanuni tatu. Mgeni ni mtu yeyote aliyekaribishwa na mkurugenzi kwa mkono na kutia sahihi kitabu cha wageni. Mgeni hanyimwi nafasi. Mgeni hafukuzwi: nafasi zake ni zake mpaka aage na kutia sahihi ya kuondoka. Nzioka ndiye aliyeziingiza kanuni hizo kwenye programu, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alifanya kazi akipiga mluzi.

Alhamisi asubuhi mkurugenzi alikuwa langoni akifanya mazoezi ya kusalimia, maana Katibu wa wizara kutoka Nairobi alitarajiwa kesho yake. Aliyeingia kwanza ni Kamanthe, mkulima wa Kola, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, viatu vimejaa vumbi.

"Karibu sana, mwaitu, mama yetu," mkurugenzi alisema, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Jisikie uko nyumbani."

Nzioka alifika na kitabu kabla mkono haujaachiliwa.

"Tia sahihi hapa, mwaitu. Hapa uandike unachoomba. Andika nafasi nne."

"Nne za nini? Mimi nimekuja kuuliza mvua."

"Ni za hiyo mvua."

Akaandika. Zile nane zikaongezwa nne, na kazi ya mvua ikaanza. Dakika arobaini baadaye karatasi ilitoka: mvua Kola, Ijumaa saa tisa, kisha siku tisa mfululizo. Kamanthe aliikunja, akaifunga kwenye pindo la leso, akatoka mbio bila kuaga mtu. Nzioka alimwona akipita langoni. Hakumwita.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya kazi ya mkurugenzi mwenyewe. Katibu akifika saa nane, taa zote kumi na sita zilitakiwa kuwaka kijani kwa pamoja. Zile nane za mbele zingewashwa kwa jina la Katibu. Lakini skrini ilisema: inasubiri.

"Inasubiri nini? Kazi ya mvua si iliisha jana?"

"Kazi iliisha. Mgeni hajaondoka. Nne bado ni zake."

"Futa jina lake."

"Mgeni hafukuzwi, daktari. Kanuni ya tatu. Sahihi yako ni hii ya bluu."

"Basi kamati ikae ibadilishe."

"Wanakamati wameenda Tala kununua utepe."

Wakaenda Kola na kitabu. Walimkuta Kamanthe shambani na wanawake kumi, majembe mabegani, wamesimama tu. Ulikuwa mwethya wao, kikundi cha kulimiana kwa zamu.

"Mwaitu, tia sahihi hapa tu, unaniaga," alisema mkurugenzi.

"Nitatia tukimaliza. Lakini mistari ni kumi na miwili na sisi tuko kumi na mmoja. Nzilani amepeleka mtoto kliniki. Mwethya wetu hauanzi ukiwa na pengo."

"Si muanze, huyo mwingine atajiunga baadaye?"

Wanawake walimtazama kama mtu aliyewashauri wasonge ugali bila maji.

"Nzioka, ingia mstari."

"Mimi nimeshika kitabu, daktari. Ni mali ya idara, hakiwekwi chini."

Mkurugenzi akavua koti. Wakainama kumi na wawili kwa pamoja. Dakta Ndolo aliachwa nyuma mapema sana, na kila alipopumzika mama mmoja alimuuliza kwa heshima kama aletewe chupa ya maji.

Saa tisa mvua ilianza. Wale kumi na mmoja walikuwa wamemaliza, wamejikinga barazani na kitabu. Simu ya idara ikalia mkononi mwa Nzioka. Katibu alikuwa Machakos tangu saa nane, amekaa peke yake mbele ya taa kumi na sita zilizozimika, na alitaka kujua mwenyeji yuko wapi.

Nzioka alitazama shambani.

"Yuko, mheshimiwa," akasema. "Amepewa nafasi moja na bado hajaimaliza."