Njiwa Wangu Yuko Kupro

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimeipata! Programu ya simu ya kufuatilia njiwa, na pete sita za kuwavisha mguuni. Bayumi, mpiga pasi wa jengo la pili na mfuga njiwa kama mimi, ameninasia njiwa watatu mwaka huu, kisha anaapa hajawaona. Safari hii namrushia njiwa mwenye pete awe chambo, simu inaonyesha alipo, naye anaumbuka mbele ya Iskandaria nzima. Mke wangu Safinaz kauliza kwa nini nisiweke kufuli tu. Hana maono.

Jumapili, 5 Oktoba
Programu inataka tarehe ya kuzaliwa ya kila njiwa. Nikaandika. Ikakataa: hajafikisha miaka kumi na minane, aje na mzazi. Nimewazeesha wote sita. Saa nzima!

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimemrusha Lulia, jike langu jeupe, roho yangu. Saa tano, simu ikasema yuko Kupro, kisiwani ng'ambo ya bahari. Dakika mbili baadaye, yuko chooni kwetu. Nikaenda kuangalia. Hayupo. Nikaangalia tena.
Hadi magharibi hajarudi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimewaandikia watengenezaji, kwa ukali. Wakajibu kwa upole: kasoro hiyo wanaijua, na sisi wanunuzi wa mwanzo ndio tunaowasaidia kuimalizia. Yaani nimenunua kibarua! Wamesema nisubiri sasisho.
Banda nimeliacha wazi, huenda Lulia akarudi.

Jumatano, 8 Oktoba
Sasisho limefika! Nukta nyekundu juu ya banda la Bayumi kabisa. Nikakusanya wafuga njiwa wa mtaa, tukapanda kwake.
“Fungua, mwizi we!”
Akafungua. Njiwa arobaini, Lulia hamna. Simu ikalia, nukta zote sita zikahamia nilipo mimi.
“Wagdi ndugu yangu,” Bayumi akasema, “hebu kohoa kidogo, labda umewameza.”
Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hodi asubuhi. Bayumi, na Lulia kamfunga ndani ya shati la mteja. Kamkuta nyuma ya tangi la maji kwenye paa lake, mguu umevimba, pete imembana hata kuruka hawezi. Akaikata kwa mkasi wake mwenyewe, mkono taratibu.
“Mzima ningemchukua, nakwambia ukweli,” akasema. “Mgonjwa sichukui. Nawe acha upuuzi, mtu mzima wewe.”
Nikampokea Lulia, nikamkagua mguu. Safinaz akamshukuru kwa niaba yangu. Lulia kala mtama. Nimelia kidogo. Ni vumbi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wema ule wa Bayumi si bure. Anapanga kitu! Bahati nzuri watengenezaji walewale wana programu mpya, inatafsiri milio ya njiwa. Haijatoka bado, lakini wamekubali niijaribu. Baada ya swala nikapanda paani, nikaielekeza simu kwenye banda lake. Kwa mujibu wa simu, njiwa wote arobaini wakasema neno lilelile: “Chagua lugha.”
Wamefundishwa wasinifichulie kitu, hao. Nangoja sasisho.