Viti Vyangu, Vitambaa Vyake

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kufungua duka nikiwa mwanamume aliyeachika. Nimenyoa ndevu. Nimejikata.

Niandike mambo yalivyokwenda, nisije nikasahau ujanja wangu. Biashara yetu ya kupamba kumbi za harusi imegawanywa mbele ya mjomba. Viti upande huu, vitambaa vya kuvivalisha upande ule. Mjomba akasema mmoja achague kwanza. Nikamwahi mtalaka wangu hata kabla mjomba hajafunga mdomo. Nikachukua viti. Vyote! Nikamwachia vitambaa tu. Alikubali upesi, maskini. Nilimwonea huruma njia nzima.

Leo amekuja mama mfamasia wa pale kona. Anamwoza binti yake Jumamosi. Anataka ukumbi mzima, viti vyote vimevikwa vyeupe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, vipo. Maana viti vipo. Huo weupe nitajua mbele ya safari.

Kaka yangu mkubwa kanipigia simu kunipa pole. Kanikumbusha kwamba biashara ikinishinda, nafasi ya kupakia saruji kwenye stoo yake bado iko wazi. Harusi hii ikiharibika, ndiyo basi tena. Nitakuwa napakia saruji, na yeye atanisimulia kwa kila mgeni.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoa viti nje kuviosha. Miaka yote hiyo sijawahi kuviona uchi. Vina madoa ya rangi. Vingine vimefungwa waya miguuni. Kimoja kimeandikwa matusi mgongoni, na nimewakalisha maaskofu juu yake.

Mpango wa kwanza: mashuka. Nikamwita dada yangu aje na mashuka yake yote meupe. Kaleta mawili meupe, mengine ya maua, moja lina picha ya simba. Tukavivalisha viti, tukasogea nyuma kutazama. Vilikuwa kama wagonjwa waliopanga foleni ya daktari. Dada kacheka mpaka akaketi kwenye kile cha simba. Kikavunjika.

Kasema nimwendee mwenye vitambaa nimwombe kama mtu mzima. Nikamwambia heri saruji.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili, mzuri zaidi. Nimemtuma dada kwa mtalaka wangu akajifanye mteja. Aseme ana sherehe ya kukutana na wanafunzi aliosoma nao. Nikamvisha miwani ya jua na wigi la mama.

Amerudi jioni ameshiba. Anasema alipoingia tu mlangoni alikaribishwa kwa jina la wifi, akaulizwa hilo wigi mama atalihitaji lini. Kapewa chai na maandazi. Wameongea kuhusu goti la dada linalomsumbua. Kuhusu vitambaa, kaambiwa vipo tele, ila mwenye sherehe aje mwenyewe.

Nimeuliza kama aliniulizia. Dada kasema ndiyo, aliuliza kama nakula. Na yeye kajibu nini? Kamwambia nakula nimesimama.

Huyu ni dada yangu wa tumbo moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita mbele ya duka la mtalaka wangu kwa bahati tu. Nikapita tena, kwa bahati. Safari ya tatu nilisimama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Lakini nimeona nilichotaka kuona. Kakodi viti vya chuma, vyembamba, na vitambaa vyake vimekatwa kwa vipimo vya viti vyangu. Vinaning'inia mpaka sakafuni, kama mtoto aliyevaa koti la babake. Alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akijaribu kuvibana. Nimefurahi hadi nyumbani!

Nyumbani furaha ikaisha. Nilikuwa na habari nzuri hivi na hakuna wa kumpa. Zamani tungefunga duka tukae tumcheke mtu kama huyo pamoja. Sitaki turudiane, hilo tulishalimaliza na hakuna aliyelia. Ninachokosa ni mtu wa kumuuliza kama mzigo umefungwa vizuri. Nimeandika na sifuti.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mfamasia kasema anakuja kuona mfano. Jasho. Nikapekua gari, na chini ya kiti cha dereva nikakuta kitambaa kimoja, kile nilichokuwa nafutia kioo. Nikakifua, nikakipiga pasi, nikakivisha kiti, doa nikaligeuzia ukutani. Mama kapenda. Kauliza kama vyote vitakuwa hivi. Nikasema vyote ni ndugu wa hiki. Kaondoka ameridhika, mimi nikabaki nimekaa chini. Nikaanza kufikiria uzito wa mfuko wa saruji.

Ndipo akaingia mtalaka wangu. Hakuzunguka. Kasema ana harusi yake keshokutwa na vile viti vya chuma vimemwaibisha. Yeye anipe vitambaa Jumamosi, mimi nimpe viti Jumapili. Nikamwambia kwa sauti nzito kwamba nitalifikiria. Nikalifikiria mpaka alipofika mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Tumepamba pamoja. Mwanzoni kila kitu kilipitia kwa dada. Amwambie kaka yake anyooshe safu. Amwambie wifi yake safu imenyooka, kilichopinda ni ukumbi. Tulikuwa hatua mbili tu mbali. Dada kachoka, akaenda zake jikoni, ikabidi tuongee wenyewe. Alipofika kwenye kile kitambaa akaliona doa, akanitazama, akakifunga riboni juu yake. Nilishukuru kimoyomoyo.

Ukumbi ulipendeza mno. Bibi harusi alilia kwa furaha. Mama mfamasia kasema ana ndugu wawili wanaowaoza binti zao karibuni, atawaleta kwetu, maana tunavyofanya kazi inaonekana tunapendana. Akauliza tumeoana miaka mingapi. Tukajibu kwa pamoja kwamba tumeachana. Kwa miaka mingi hatujawahi kukubaliana upesi hivyo.

Nimekula nimekaa.

Jumapili, 9 Machi

Harusi yake pia imekwenda vizuri. Nilibeba viti mwenyewe. Kaniambia mzigo nimeufunga ovyo, akaufunga upya. Nilifurahi, sijui kwa nini.

Kaka kapiga simu. Nikamwambia ampe mwingine ile nafasi.

Jioni tukakutana kwa mjomba. Maduka yatabaki mawili, kazi tutafanya kwa pamoja. Na kwa kuwa wateja wapya wanataka na meza, tutaongeza meza na vitambaa vya meza. Mjomba kasema tuamue mapema kipi ni cha nani, tusije tukagombana tena. Mtalaka wangu kwa upole kabisa kasema nichague mimi kwanza. Mjomba akaanza kukohoa, sijui mafua gani yale.

Sikuchelewa. Nimechukua meza. Zote! Nimemwachia vitambaa tu.

Alikubali upesi, maskini. Nimemwonea huruma njia nzima.