Siku Kliniki ya Shemeji Ilipokaguliwa

Jumamosi, 3 Mei

Nimeaminiwa! Mimi! Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ni daktari wa meno mwenye kliniki yake. Mimi ni msimamizi wa kliniki hiyo, yaani nafungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Anakwenda semina hadi Jumatano. Kliniki haipokei wagonjwa, inapakwa rangi. Alhamisi anakuja mkaguzi wa ubora na usalama. Akiridhika, kibali kinaendelea. Asiporidhika, tunafungiwa, na shemeji aliyesota miaka yote ile ataanza kuzunguka akiomba kazi kwa watu.

Nimeachiwa kazi moja tu. Mashine ya mvuke, ile inayoua vijidudu kwenye vifaa, inavuja mlangoni. Mpira wake umechoka. Jumatatu nimwite fundi aubadilishe. Kisha Bi Glavu apitishe vifaa vyote humo, kila kimoja ndani ya kifuko chake.

Bi Glavu ni msaidizi wa shemeji. Jina nimempa mimi, kwani huvaa glavu hata kupokea chenji. Akasema, mbele yangu, kwamba bora fundi amwite yeye. Nikasema kupiga simu najua tangu zamani. Shemeji alinitazama sana, kisha akakubali. Nitamwonyesha yule mwanamke!

Jumatatu, 5 Mei

Simu sikupiga. Sababu ninayo. Fundi rangi alitaka kujua ukuta wa mapokezi uwe wa maziwa au wa kijani, na mambo ya rangi hayataki pupa. Tulibishana hadi mchana. Nikajinyoosha kidogo kwenye kiti cha wagonjwa, kile kinacholala chenyewe ukibonyeza kitufe. Nikazinduka jioni. Ukuta ni wa kijani.

Bi Glavu akapiga, anauliza kama fundi amekuja. Nikasema amekuja, amemaliza, mashine inanguruma. Uongo ulitoka wenyewe, mimi niliusikia tu kama yeye. Akasema basi kesho anakuja kuandaa vifaa. Nikamwambia apumzike, nitaviandaa mwenyewe. Akauliza kama glavu ninazo.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia fundi. Yuko msibani, mbali. Anarudi wiki ijayo! Fundi mwingine wa mashine hizo hakuna anayemjua. Maji yamenifika shingoni.

Ningempigia shemeji nimwambie ukweli. Nilishika simu kabisa. Nikamwona Bi Glavu kichwani akivua glavu zake taratibu, akitabasamu. Nikaiweka simu.

Kisha wazo! Kila kifuko cha vifaa kina alama ya rangi ya waridi. Kikipita kwenye mvuke, alama inageuka kahawia. Mkaguzi anatazama alama. Basi tatizo si mashine, tatizo ni rangi. Mvuke ni mvuke. Na pasi yetu ya nyumbani ina mvuke!

Jumatano, 7 Mei

Imegeuka! Nimepiga pasi vifuko asubuhi nzima, alama zote kahawia safi. Mke wangu akauliza tangu lini karatasi zinapigwa pasi. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Ila kifuko kitupu kinalala bapa, kinajisema. Vifaa halisi sikuvitia. Hata mimi nina mpaka: mtu akija akavitumia havijachemshwa je? Nikatafuta kitu chenye mkono mwembamba na kichwa cha duara, mfano wa kile kioo cha kuchungulia mdomoni. Tunaishi vyumba vya uani kwa wakwe zangu. Kabatini kwa mama mkwe kuna vijiko vya chai vya wageni, vyenye maua kwenye mpini. Vimeingia barabara. Mtu akivipapasa kwa nje, ni udaktari mtupu. Kesho mchana vitakuwa vimerudi kabatini.

La pili: kliniki bila wagonjwa haipendezi. Nimemwomba mama mkwe aje akae mapokezi, amwambie mkaguzi kwamba aling'olewa jino hapo na hakusikia maumivu. Aliniuliza kama ni uongo. Nikasema ni kumsaidia mwanawe. Kumfundisha mama mkwe uongo, huku ameniwekea chai! Macho sikuweza kuyainua. Lakini amekubali.

Shemeji amerudi usiku huu, amechoka. Akaniuliza kama yote yako sawa. Nikasema yote. Akanishukuru. Alinishukuru!

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika hivyo hivyo.

Mkaguzi alikuwa mzee wa sauti ya chini. Alipita kila mahali, akasifu sinki, akasifu hata kijani changu. Kisha akakaa karibu na mama mkwe, akamuuliza aling'olewa jino lipi. Mama mkwe akasahau tulivyopanga. Akatoa meno yote ya bandia, akamwekea kiganjani, achague mwenyewe.

Mkaguzi akayarudisha kwa heshima. Akaenda kwenye droo ya vifuko. Akatazama alama, akaitikia kwa kichwa. Nikapumua. Kisha, bila onyo lolote, akachana kimoja.

Kijiko. Na sukari iliyoganda ukingoni.

Akakiinua, akauliza kwa upole kifaa hiki kina kazi gani. Shemeji alinigeukia. Bi Glavu alinigeukia. Nikasema ni cha kukwangulia ulimi. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa sauti ya mtaalamu. Hapo hapo mama mkwe akasimama mapokezi na kupaza sauti: "Kijiko changu hicho! Tangu jana nakitafuta, nimeshamsingizia binti wa jirani!"

Akaingia. Akachana kifuko cha pili, cha tatu. Vijiko vyake vyote. Alivipanga kwenye trei ya shemeji kimoja baada ya kingine, akivifuta kwa khanga yake, na hakuna aliyemzuia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, sakafu ni ya vigae vipya.

Mkaguzi akasema mashine kuharibika si kosa. Kliniki ilikuwa imefungwa, hakuna mgonjwa aliyeguswa. Ningesema tu, angerudi mashine ikipona. Lakini vijiko hawezi kuvifumbia macho. Akauliza nani anahusika. Nikafungua mdomo. Shemeji akaniwahi. Akasema anayehusika ni yeye, maana ndiye aliyenipa ufunguo.

Hakunitazama. Angenitukana ningepona. Mkaguzi ametupa wiki moja, anarudi Alhamisi ijayo. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Ijumaa, 9 Mei

Sikuweza kula. Mama mkwe amefunga kabati la vyombo kwa kufuli. Chai nimewekewa, kijiko sikuwekewa. Nimekoroga kwa mpini wa mswaki wangu. Mke wangu alinikuta, akaguna, akatoka. Aliporudi na kusema jirani ameombwa radhi kwa ajili ya binti yake, nililia. Kweli nililia. Sina uso.

Mama mkwe alisema neno moja tu, akipita: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimelikariri.

Jumatano, 14 Mei

Fundi amerudi, aliitwa na Bi Glavu. Mpira mpya, mashine haivuji. Vifaa vyote vimepita, vya kweli, alama zote kahawia bila pasi. Sina nilichofanya, ndiyo maana kila kitu kiko sawa.

Nilikwenda kumwomba shemeji radhi. Nilisema yote: usingizi, simu, uongo. Alinisikiliza. Akasema amenisamehe, na kwamba kesho nina kazi moja tu: nikae nyumbani, nisiguse kitu, nisimtume mtu. Nikaapa. Nimebadilika, najisikia mwepesi.

Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na mimi sirudii. Vijiko, hapana. Pasi, hapana. Mama mkwe, hapana kabisa, mkaguzi anamjua hadi ufizi.

Lakini nimewaza, mapokezi yakiwa matupu kesho si itamharibia shemeji? Deni langu kwake nitalilipaje nikiwa nimekaa tu? Basi nimeongea na baba mkwe. Mkaguzi hajawahi kumwona. Na ana meno yake mwenyewe, yote mawili.