Santuri ya Wauza Viyoyozi

Jumanne, 1 Julai 2025
Nimeiona! Duka la vitu vya zamani, mtaa wa Al-Baghdadiyah, hapa Jeddah. Santuri ya tamthilia ya nyimbo ya kampuni ya viyoyozi. Zamani kampuni ziliwachezea wauzaji wao tamthilia hizi ili wachangamke, kisha zikawapa santuri wao tu. Dukani hazikuuzwa. Hii ina wimbo wa mapenzi kuhusu kichujio! Ammi Fuad, mwenye duka, akaniuliza nataka nini. Nikasema nakimbia jua.

Jumatano, 2 Julai
Balaa. Binamu yangu Lewis anakuja kesho kutoka Riyadh. Baba yake anamleta bosi wake bandarini. Lewis naye hukusanya santuri hizi. Aliniiga. Amepiga simu kuuliza kama kuna mpya. Nimemwambia mafi, hakuna kitu.
Nikakimbilia dukani kununua. Nikashindwa hata kumwuliza Ammi bei. Basi nikaichomoa kwenye jalada lake, nikaificha ndani ya jalada la santuri ya masomo ya kupiga taipu. Nani atalitaka hilo? Nitarudi nikipata ujasiri.

Alhamisi, 3 Julai
Mazoezi mbele ya kioo: Ammi, hii bei gani? Mama akajibu kutoka jikoni kwamba ni bure, nije niyaoshe masufuria yote.
Jioni Lewis akanikokota mpaka dukani. Hajaingia vizuri, ameshauliza santuri za viyoyozi. Hana haya! Ammi akatoa jalada. Tupu. Akawalaani wezi kwa Kiarabu na kwa Kiswahili alichofundishwa na madereva. Lewis akaniuliza mbona nimelowa jasho, bubu wetu. Nikasema ni joto la Jeddah.
Ammi akamhurumia. Akampa lile jalada tupu. Kisha, kwa sababu Lewis alimwambia kwamba dada yake Emmah anatafuta kazi ya ofisini, akamwongezea ile santuri ya masomo ya kupiga taipu.
Nilibeba mfuko mpaka garini. Mimi mwenyewe.

Jumamosi, 5 Julai
Lewis amepiga simu kutoka Riyadh akipiga kelele. Ameipata! Anadhani karani fulani aliichanganya. Akasema najua unazipenda kuliko mimi, sema tu neno nikutumie, ukae nayo hata mwaka.
Neno moja tu.
Nikasema viyoyozi havinihusu.

Jumapili, 6 Julai
Usingizi umenipa mpango. Nimemwandikia Lewis kwamba ninachotamani hasa ni kujifunza kupiga taipu, anitumie lile jalada. Kwa uvivu wake atakuwa ameirudisha humo humo; atasahau kuitoa. Hawezi kushtuka.
Amejibu. Amefurahi sana. Ananitafutia na mashine ya taipu.