Nilivyokwama Kwenye Pipa Mbele ya Papa Kasereka

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Bwera nzima. Nzima! Hata madereva wa malori waliokuwa wakienda zao mpakani Mpondwe walizima injini ili wanitazame vizuri.

Mnamjua Vitesi, yule mbwa mwembamba ninayekimbia naye. Wengi hamjui kwamba si wangu. Ni wa Papa Kasereka, muuza vitenge kutoka Butembo, kule Kongo, aliyekuwa jirani yangu hapa Bwera. Goti lake lilipoharibika alihamia kwa binti yake Kasese mjini ili atibiwe, akaniachia mbwa. "Mwalimu, ni wiki mbili tu," alisema.

Wiki mbili zimekuwa miezi kumi na moja.

Vitesi kwao ni kasi, lakini Papa hakuniambia kwamba mbwa huyu hajui kutembea. Anajua kukimbia tu. Asubuhi ya kwanza aliruka ua, akaruka kamba ya nguo, akamruka mbuzi wa jirani, kisha akarudi akanitazama kana kwamba anauliza, "Haya, sasa tunafanya nini?" Mama yangu alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Mimi sikuwa na hamu hata ya kufungua dirisha. Lakini mbwa wa aina hii hajali una hamu au huna. Anakuletea kiatu kimoja kitandani, anarudi kuleta cha pili. (Cha pili huwa kimeshatafunwa.)

Basi tukaanza kukimbia. Watu wakawa wananiuliza, "Mwalimu, nani anakufukuza?" Baadaye daktari wetu wa mifugo akaanzisha mchezo wa mbwa kwenye uwanja wa mpira kila Jumamosi. Mbwa anaruka matairi, anapanda ubao, anapita ndani ya mapipa matatu yaliyotolewa vitako na kuunganishwa, na mwenye mbwa anakimbia kando yake akimwongoza. Vitesi akawa bingwa. Mimi nikaanza kucheka tena, kidogo kidogo. (Nyonga zangu zilibaki palepale.)

Jana Papa akapiga simu. "Mwalimu, goti imepona. Kesho nakuya kuchukua imbwa yangu."

"Hakuna shida, Papa," nikajibu.

Shida ilikuwepo. Nilikaa jikoni bila kula. Vitesi akaja akaweka kichwa kwenye paja langu. Ningemwambia nini?

Asubuhi nikapata wazo. (Mawazo yangu mnayajua.) Nilimwambia Papa tukutane uwanjani. Nilitaka aone jinsi tunavyokimbia pamoja, mimi na Vitesi, kama kitu kimoja. Labda moyo wake ungelainika. Nikafunga kiunoni mfuko wa dagaa wakavu, zawadi ya Vitesi, nikaenda.

Papa alifika na fimbo yake na kofia yake. Vitesi alipomwona alilia kwa furaha, akamzunguka mara sita, akamlamba mikono. Na mimi nilifurahi. Kweli nilifurahi. Lakini nikamwita Vitesi haraka, kabla hajamzunguka mara ya saba.

Tukaanza. "Ruka!" Akaruka matairi. "Panda!" Akapanda ubao na kushuka kama maji. Watu wakapiga makofi. Hata mwalimu mkuu wangu alikuwepo, mkono mfukoni, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Tukafika kwenye mapipa.

Vitesi akasimama.

Daktari alikuwa amebadilisha pipa la mwisho, na lile jipya lilinuka sabuni. Vitesi akanusa, akapiga chafya, akakaa chini.

"Ingia, baba," nikambembeleza. Hataki. Papa akaanza kukunja uso. Nikaona nafasi yangu inapotea hivihivi. Nikasema, potelea mbali, nitamwonyesha njia mwenyewe. Nikapiga magoti, nikaingia.

Pipa la kwanza, vizuri. La pili, vizuri. La tatu lilikuwa dogo kuliko wenzake. (Hakuna aliyeniambia!) Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Nyonga zikakataa.

"Mwalimu, uko sawa?" daktari akaita.

"Niko sawa!"

"Mbona hutoki?"

"Napumzika!"

Nikajaribu kurudi nyuma. Wapi! Mfuko wa dagaa ukapasuka, dagaa wote wakamwagika mbele ya pua yangu. Mara mwanga mbele ukazibwa. Vitesi alikuwa amezunguka na kuingia kwa upande wa pili, sabuni ameisamehe. Akatambaa mpaka tukatazamana uso kwa uso.

Alikula dagaa kwanza. (Tuwe wakweli.) Alikula wote, hadi yule aliyenasa kwenye nywele zangu. Kisha akalala chini, akaegemeza pua yake kwenye pua yangu, akatulia. Vitesi! Mbwa ambaye hajawahi kutulia tangu nimjue.

Nje nikasikia Papa anapiga filimbi kwa vidole. Filimbi ile ndefu aliyomfundishia tangu akiwa mdogo. Masikio ya Vitesi yakasimama. Nikamnong'oneza, "Nenda, anakuita." Filimbi ya pili. Akanitazama. Ya tatu. Akapumua kwa nguvu usoni kwangu, harufu ya dagaa tupu, wala hakuondoka. Nikaanza kulia mle ndani ya pipa.

Nje walisikia kilio, wakadhani nakufa. Wapagazi wawili wa mpakani waliokuwa wakitazama wakakimbia, kila mmoja akashika mguu.

"Vuta! Polepole, hii si gunia ya viazi!"

"Inakuja! Ongeza nguvu!"

Nikatoka mzima. Suruali yangu haikutoka. Ilibaki pipani. Ndani nilikuwa nimevaa bukta niliyojishonea kwa pazia kuukuu, na nilipokuwa naishona sikufikiria maandishi ya pazia yataangukia wapi. Dereva mmoja akayasoma kwa sauti, silabi moja moja, kama mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza: "KA-RI-BU-NI WA-GE-NI."

Uwanja mzima ukalipuka. Mwalimu mkuu akageuka akatazama milima ya Rwenzori kana kwamba hajawahi kuiona.

Vitesi akatoka na suruali yangu mdomoni. Akampita Papa, akampita daktari, akaiweka miguuni pangu. Akakaa juu ya viatu vyangu, akageuka kuwatazama watu wote.

Papa akavua kofia. Hakucheka. "Mwalimu," akasema, "mi nimemupigia filimbi mara tatu. Tangu azaliwe hajawahi kukataa. Bon. Hii imbwa haiko yangu tena."

"Papa, lakini wewe utabaki na nani?"

"Nitakuwa nakuya Jumamosi kumuangalia. Goti imepona, nakuambia." Akainama taratibu, akamkuna Vitesi nyuma ya masikio. Macho yake yalikuwa mekundu. Yangu pia. Tukakumbatiana pale uwanjani. Suruali bado nilikuwa nimeishika mkononi.

Sasa niko nyumbani, nyonga zimepakwa mafuta, mbwa wangu amelala juu ya tumbo langu. Nawaomba kitu kimoja tu: tukikutana sokoni, mniulize habari za mbwa, za pazia tuachane nazo.