Chumvi ya Mtoto wa Kiume

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna kichwa kama changu katika mji huu. Kama kipo, mwenyewe bado hajazaliwa, na hata huyo, kuanzia leo, mimi ndiye nitakayeamua azaliwe mvulana au msichana. Sitanii!

Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Sasa nakanda mikate. Lakini elimu ina miguu, humfuata mwenyewe popote alipo. Leo imenifuata hadi kwenye meza ya kufungia mikate. Tunafungia kurasa za majarida makuukuu, na mkononi mwangu ukaangukia ukurasa wenye kichwa kinene: chakula cha mwanamke anayetaka kupata mtoto wa kiume. Aanze kabla ya mimba! Chumvi kwa wingi. Ndizi. Nyama. Samaki wa chumvi. Maziwa asiyaguse, maziwa huleta wasichana.

Nusu ya chini ya ukurasa, iliyoanza na maneno "Hata hivyo", ilikuwa imeshaondoka na mteja wa mikate miwili. Si kitu. Mwenye akili haambiwi yote.

Na jambo lenyewe limekuja wakati wake. Naishi kwa Dada. Ana mabinti watatu, watoto wazuri, wana kelele kama kengele ya shule. Shemeji ni dereva wa lori, amepeleka saruji mbali, atarudi Jumapili tarehe 16. Wamekubaliana akirudi watafute wa nne, wa mwisho. Mama yake Shemeji naye ameshatoa tangazo: wa nne akiwa msichana, mwanawe ataoa mke wa pili. Hakusema kwa hasira. Alisema huku anamenya kitunguu. Msichana ameshamwona, mpaka namba ya viatu vyake anaijua.

Tangu siku ile Dada anafagia sehemu moja mara mbili.

Siku kumi na tatu. Zinanitosha!

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Dada alipokuwa anaanika nguo. Kwanza alicheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. Halafu akaacha kucheka. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia, Dada, unaongea na mtu anayetia chumvi kwenye mikate mia nne kila siku kwa mkono mtupu, mizani ya nini?

Akasema tatizo ni presha. Kwenye mimba ya yule mdogo ilipanda, miguu ikavimba kama magogo, muuguzi akamkataza chumvi. Nikamtuliza. Ile ilikuwa chumvi ya wakati wa mimba. Hii ni chumvi ya kabla ya mimba. Vitu viwili tofauti kabisa!

Aliniangalia muda mrefu, shati la Shemeji likimdondokea maji miguuni. Kisha akasema haya, mdogo wangu, lakini mama mkwe asijue, wala shemeji yako asijue. Nikaapa. Siri kwangu ni jiwe kisimani.

(Nimemwambia mtu mmoja tu kazini. Na mwenzetu wa tanuri alikuwa karibu, akasikia.)

Alhamisi, 6 Machi

Nimebuni Mkate wa Dume. Chumvi mara nne. Dada ale vipande vinne kwa siku na samaki wa chumvi juu yake.

Kasoro ndogo: chumvi ikizidi, hamira hufa, na hamira ikifa unga hauumuki. Nilijua hilo. Nilidhani hamira ingeniheshimu. Mkate umetoka tanurini umelala kama tofali. Tajiri, mwenye kiwanda, aliuchukua, akaugonga mezani, ukalia kama mlango. Akaniuliza naoka mkate au najenga msingi. Nikasema ni majaribio. Akasema majaribio nikayafanye kwa unga wa mama yangu. Wote wakacheka. Yule wa tanuri akauliza kama mtoto naye atatoka na kona nne.

Wacheke. Akili kubwa huchekwa kwanza.

Dada amevila vipande vyote vinne amefumba macho. Amekunywa maji jagi tatu. Hakulalamika hata neno. Hapo ndipo nilipojua jinsi lile tangazo la kitunguu lilivyomwingia.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Mama yake Shemeji ameingia bila taarifa, na begi na kopo la asali na elimu yake mwenyewe. Namwita Jemadari, kimoyomoyo. Amekuja "kumwandaa" Dada. Na kwake yeye, kinacholeta mvulana ni maziwa! Glasi tatu kwa siku, na asali. Anasema amezaa wanaume watano kwa maziwa matupu, nani abishe?

Mimi nikabisha. Kwa adabu. Nikasema Mama, sayansi ya siku hizi imegeuka. Akanitazama kuanzia kandambili hadi nywele, akasema wewe kijana umeumuka tu, nje mkubwa, ndani hewa. Mabinti walicheka mpaka wakashikana.

Anasimama mbele ya Dada mpaka glasi iwe tupu. Dada hawezi kukataa, atasemaje? Kwa hiyo asubuhi anakunywa wasichana, mchana anakula wavulana. Hatari! Nimepiga hesabu. Kila glasi ya maziwa, niongeze kijiko kimoja cha chumvi ili kulifuta kosa. Hesabu nyepesi, hata mwalimu wangu angeielewa.

Binti mkubwa, wa miaka minane, namwita Mpelelezi. Ameniuliza kwa nini mama yake siku hizi anaamka na macho yamevimba. Nikamwambia akalale.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimempiga adui kwenye ghala lake. Nilitia chumvi ndani ya sufuria ya maziwa! Maziwa ya dume. Dada akinywa, anakunywa upande wetu.

Sikujua kwamba Jemadari huonja kwanza.

Aliyatema hadi ukutani. Akasema muuza maziwa ametuuzia maji ya kuoshea samaki. Akachukua sufuria, akatoka nayo barabarani na kanga ya kulalia, akamkamata muuza maziwa kwenye baiskeli yake mbele ya watu wote. Maskini yule bwana aliapa kwa ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa majina. Jemadari akamwambia amnyweshe huyo ng'ombe aone. Nilijificha nyuma ya mlango nikauma shati.

Dada naye alicheka, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Alicheka ameshika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akaniita jikoni, akanionyesha kidole. Pete ya ndoa haitoki. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kula. Kidole kimejaa kuizunguka kama unga kwenye ukingo wa bati la kuokea. Nikamwambia hiyo ni nguvu ya mvulana, inaanza kujikusanya. Alifungulia maji ya bomba, akakiacha kidole pale muda mrefu.

Jumatano, 12 Machi

Sijapenda leo.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta Dada amekaa sakafuni, mgongo ukutani, pazia limeshushwa. Kichwa kinamgonga. Anaona vimulimuli mchana kweupe. Jemadari yuko sokoni. Dada akaniambia taratibu, mdogo wangu, naomba tuache.

Siku nne tu zimebaki! Mkate uko tayari, samaki yuko tayari. Nikamwambia mtu haachi mbio akiwa ameshaona utepe. Akatikisa kichwa. Basi nikamtania kidogo. Nikamuuliza, kwani huyo mke mwenzio anavaa viatu namba ngapi?

Ilikuwa utani. Mimi ni mtu wa utani, wote wananijua.

Hakucheka. Alinyoosha mkono akavuta sahani mwenyewe. Akala kipande, akala cha pili, anatafuna anatazama pazia. Nikamwambia safi sana, Dada. Sauti yangu ilitoka ya ajabu. Labda ni vumbi la unga.

Usiku Mpelelezi amekuja kitandani kwangu kuuliza kama mtu akivimba anaweza kupasuka. Nimemfukuza. Baadaye nikaenda kumfunika.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haraka, kwenye benchi la hospitali.

Saa nne asubuhi nilikuwa kazini. Mpelelezi akaja mbio, peku, hana sauti. Alifungua mdomo mara mbili, neno halikutoka. Nikajua.

Dada alikuwa ameanguka jikoni, kati ya jiko na beseni. Jemadari alikuwa amempakata kichwa, anamwita mwanangu, mwanangu. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo. Tajiri alitoa gari la mikate bila hata kuombwa. Tukamlaza kati ya kreti. Mikate ilikuwa bado ya moto, gari zima linanukia, na yeye macho yamegeuka juu. Dereva hakusimama popote. Nilikuwa nahesabu kreti. Ishirini na mbili. Nilizihesabu tena na tena njia nzima, kwa sababu nikiacha kuhesabu namtazama.

Muuguzi alimpima mkono wa kulia. Akapima wa kushoto. Akanyamaza, akaita mwenzake, wakapima tena. Nilijifunza leo kwamba muuguzi anayegomba si wa kuogopwa. Wa kuogopwa ni anayenyamaza.

Akauliza mgonjwa alikuwa anakula nini. Akauliza tena. Akatutazama sote akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Swali likajibiwa. Basi, yameisha hayo.

Wamemtundikia dripu. Wanasema tusubiri.

Nasubiri.

Jumapili, 16 Machi

Mzima! Dada yangu mzima! Presha imeshuka, si yote, lakini imeshuka. Atakaa wodini siku kadhaa. Leo amekunywa uji usio na chumvi, akaukunjia uso, akaniambia hata wewe ungeupika vizuri zaidi. Nikajua amerudi.

Daktari amesema mimba isitajwe mpaka presha ikae sawa, labda mwaka, labda zaidi. Jemadari akaguna, akasema mwaka ni mrefu kwa mwanamume asiye na mrithi. Hapo ndipo muuguzi alipoweka faili chini. Akamwambia, Mama, mvulana au msichana hatoki kwenye sahani ya mwanamke. Ni mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Mama hupokea anacholetewa. Ukitaka kumlaumu mtu, kamlaumu mwanao. Wodi nzima ikageuka kusikiliza. Jemadari akauliza kama muuguzi ana watoto wa kiume. Muuguzi akasema wanne, na mumewe ndiye wa kushukuriwa. Nilitaka kupiga makofi.

Na papo hapo kichwa changu kikawaka kama tanuri. Baba ndiye anayeamua! Maana yake nini? Maana yake kanuni ilikuwa sahihi, ila nilimlisha mtu asiyehusika! Chumvi ilipaswa kwenda kwa Shemeji! Na Shemeji hubeba mikate yangu kila safari, hula huku anaendesha, hata hatazami. Mwaka mzima ninao wa kumwandaa. Nitaanza na chumvi mara mbili tu, taratibu, hamira isishtuke. Kazini wataona. Hata yule wa tanuri ataomba ukurasa.

Nimeshapima chumvi ya kwanza. Iko kwenye karatasi, mfukoni.

Sasa kuna jambo moja sikuliandika Ijumaa. Naliandika leo ili daftari lisinitazame vibaya.

Muuguzi alipouliza Dada alikuwa anakula nini, mimi nilitazama viatu vyangu. Alipouliza mara ya pili, Dada alikuwa ndiyo kwanza amefumbua macho. Ulimi mzito, maneno yanaburuta. Akasema ni mimi mwenyewe, napenda chumvi, nimejitilia mwenyewe. Jemadari akalia papo hapo, huku anasema mwanamke asiyeweza kuulinda mdomo wake atalindaje nyumba.

Leo Shemeji amefika, vumbi la saruji hadi kwenye kope, hajapita hata nyumbani. Mama yake alikuwa ameshampa habari mlangoni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaishika ile mikono iliyovimba, akamuuliza Dada polepole, hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka. Akamuuliza ilikuwaje akayachezea maisha yake, na ana watoto watatu wanaomngoja mlangoni kila jioni. Wewe uliyekatazwa chumvi. Wewe unayejua.

Dada akasema nisamehe, baba watoto. Ni ujinga wangu.

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka pale, nimeshika chupa ya chai. Dada hakunitazama. Shemeji aligeuka, akanishukuru kwa kumfikisha hospitali, akaniita mdogo wangu.

Nikasema karibu, Shemeji. Nikamimina chai.